Pono Aliwe, Lakini Si Hivi

Hoteli za ufukweni katika pwani yetu zinaendesha biashara mbili zinazogombana, na ugomvi wenyewe unaishia kwenye sahani. Biashara ya kwanza ni mchanga mweupe. Ndio uliopo kwenye kila tangazo, ndio unaomtoa mgeni Milano au Warsaw hadi Diani, Watamu, Nungwi na Paje. Ya pili ni chakula cha usiku, ambapo mgeni huyo huyo huletewa samaki wa buluu na kijani, mzima mzima na kichwa chake na mkia wake, ili ampige picha kabla ya kumgusa. Si mara chache samaki huyo huwa pono. Na pono ni mmoja wa mafundi wanaoutengeneza mchanga ule ambao mgeni amelipa nauli kuja kuulalia.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mlaji wa pono, na siungi mkono wale wanaotaka kila kiumbe chenye rangi nzuri kigeuzwe kuwa cha kutazamwa tu. Ninachosema ni hiki: pono aliwe, lakini asichomwe mkuki usiku akiwa amelala, asivuliwe kabla hajazaa, na yale madume makubwa yenye rangi kali yaachwe mwambani. Sheria inayoyagusa haya ipo, lakini imelala kuliko samaki mwenyewe.

Ukitaka kuijua kazi ya pono, kaa dikoni karibu na mama anayepaa samaki. Magamba ya pono ni makubwa, yanaruka na kumganda mtu mikononi na kwenye kanga. Rangi iliyokuwa ikimeta chomboni imeshaanza kufifia. Buluu inaelekea kijivu. Kisha mama anapasua tumbo, na hapo kisu kinakwaruza. Utumbo mrefu umejaa uji wa kijani, na ndani ya uji huo mna chenga nyeupe. Zisugue kati ya vidole viwili utazitambua mara moja. Ni mchanga. Samaki wengine ukiwapasua unakuta dagaa, kamba au mabaki ya kaa. Pono unamkuta na ufukwe.

Unafikaje humo? Pono hali matumbawe kwa kuyapenda. Anachokitafuta zaidi ni ukoga na vijimea vya kijani vilivyoota juu ya mwamba na ndani ya ngozi yake ya juu, na kwa kuwa havitoki kwa kulambwa, anaving'oa pamoja na jiwe. Mdomo wake umeumbwa kwa kazi hiyo: ana meno yapata 1,000 yaliyojipanga katika safu 15 na kugandana kuwa kitu kimoja, na ya mbele yakilika, ya nyuma yanasogea kuchukua nafasi. Kooni ana meno mengine, na hayo ndiyo kinu chenyewe. Jiwe linasagwa hapo, kisha linaingia utumboni moja kwa moja, maana pono hana tumbo la kutunzia chakula kama walivyo samaki wengi. Chenye lishe kinabaki, unga wa chokaa unatoka nyuma. Mwenye kuzamia na miwani amewahi kumwona akitoa wingu jeupe huku akiogelea, na akiyatuliza masikio ndani ya maji humsikia akitafuna.

Kiasi kinachotoka kwa njia hiyo si cha mzaha. Mwaka 2015 watafiti waliochunguza kisiwa cha Vakkaru huko Maldivi waligundua kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaozalishwa kwenye mwamba unaokizunguka unatoka kwa pono. Kisiwa kizima, na watu na minazi juu yake, kimesimama kwa kiasi kikubwa juu ya kinyesi cha samaki. Yule pono mkubwa kuliko wote, mwenye nundu kwenye paji la uso, anayeweza kufikia urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 46, anakadiriwa kusaga zaidi ya tani 5 za mwamba kwa mwaka, peke yake. Huyo zamani alikuwa sehemu ya bahari yetu pia. Leo yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, na vijana wengi wanaovua hawajamwona.

Pwani yetu si Maldivi, nalo tuliseme. Mto Sabaki unamwaga mchanga wa bara Malindi, na ule wa delta ya Rufiji ni wa mto mtupu. Hata mchanga wa baharini haufanywi na pono peke yake, kwani mawimbi yanavunja matumbawe, kombe zinasagika, na yapo majani ya baharini yenye chokaa ambayo yakifa hugeuka chenga. Lakini pale penye mwamba wa matumbawe mbele na hakuna mto mkubwa nyuma, kama mashariki ya Unguja, mchanga mweupe unatoka baharini, na wasagaji wa mwamba wana mkono wao humo. Zipo hoteli ambazo zimeshaanza kujenga kuta za mawe kuizuia bahari isile bustani zao. Nazo ndizo zinazompokea pono kwa mlango wa jikoni.

Tuje jikoni basi. Pono ni samaki wa mtu wa kawaida. Wapo wa kwenye majani ya baharini, wale wa rangi ya kijani kibichi wenye madoadoa ambao hata si wakaaji wa matumbawe. Hao ndio wanaojaa kwenye mitego ya kusuka, madema ya Unguja na malema ya Kilifi na Kwale, ndio wanaopangwa mafungu, na ndio wanaonunuliwa na mama karanga wa Mombasa na mama lishe wa Dar es Salaam. Nyama yake ni nyeupe, laini, yenye maji mengi. Changu na chewa wanampita kwa heshima na kwa bei, na ndiyo maana mtoto wa mvuvi anamjua pono mapema kuliko anavyomjua nguru.

Ulaini huo ndio unaoamua apikwe vipi. Pono anataka kukaangwa siku ile ile: chanja pande zote mbili, sugua chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, mwache akae kidogo, kisha mafuta yawe moto kweli ndipo aingie, asije akamwagika ndani ya kikaango. Au atiwe kwenye mchuzi wa nazi baada ya kukaangwa, na ukwaju au mbirimbi kidogo, aliwe na wali au muhogo. Kumchoma mzima juu ya makaa, kumpaka siagi na kumlaza kwenye saladi, kama wanavyofanya hotelini, ni kumharibu mara mbili. Anakauka nje, anabaki majimaji mfupani, na mgeni anaondoka akidhani samaki wa Afrika Mashariki hawana ladha. Hoteli hazimnunui kwa utamu. Zinanunua ngozi.

Na ngozi ile ina hesabu yake. Aina nyingi za pono wa mwambani huanza maisha wakiwa majike wa rangi za kawaida, kahawia au kijivu, pengine na mistari. Wachache wanaofika ukubwa fulani hugeuka madume, na hapo ndipo wanapovaa buluu, kijani na waridi. Kwa hiyo anayetaka samaki wa rangi kwa ajili ya picha anawalenga madume makubwa. Yakiondolewa, majike yanageuka mapema, yakiwa bado madogo, na jike dogo lililogeuka dume ni mayai mengi ambayo hayatatagwa tena. Pia pono mdogo hafanyi kazi ya mkubwa. Mdogo anaparua juu juu, mkubwa anachimba. Unaweza kuwa na mwamba uliojaa pono wa kiganja kimoja na bado ukawa huna msagaji.

Mtu asiyeamshika tunasema amelala usingizi wa pono, na si uzushi. Samaki huyu hufanya kazi mchana kutwa, jua likizama anaingia kwenye mwanya wa mwamba na kulala fofofo. Aina kadhaa hutoa ute mdomoni na kujizungushia mwili mzima kama chandarua, kazi inayochukua kama saa moja kila usiku. Chandarua ndicho hasa: jaribio lililochapishwa mwaka 2010 nchini Australia lilionyesha kwamba pono aliyevuliwa ute huo alishambuliwa zaidi na vijidudu vinavyonyonya damu ya samaki usiku kuliko aliyeachwa nao. Kwa bahati mbaya, ute unazuia vijidudu, hauzuii mkuki.

Zamani giza lenyewe lilikuwa mlinzi wake. Tochi zisizoingia maji zimeliondoa giza hilo. Mzamiaji mwenye tochi na bunduki ya mkuki hana haja ya kumfukuza samaki. Anapita mwanya kwa mwanya akimkuta kila mmoja kitandani kwake, na anachagua mkubwa. Visiwa vya Solomon wameona jinsi uvuvi wa namna hiyo ulivyowamaliza pono wenye nundu katika maeneo ambayo walikuwa wakilala makundi kwa makundi kwenye maji ya kina kifupi. Mvuvi wa dema hawezi kufanya hivyo hata akitaka. Dema linakaa chini likimsubiri samaki aingie kwa miguu yake, kama tunavyosema, na linaleta wakubwa na wadogo, wa kijani na wa kijivu. Anayekwenda na mkuki usiku analeta kilichoagizwa.

Bunduki ya mkuki imekatazwa katika uvuvi wa Kenya na wa Tanzania. Juya la kukokota ufukweni nalo limekatazwa. Baruti ilikatazwa Tanzania tangu sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, na kila mtu anajua ilivyoendelea kulia kwa miongo mingi kandokando ya Dar es Salaam na Tanga hadi serikali ilipoamua kwa dhati, katikati ya miaka ya 2010, kuwafuata wauzaji na wafadhili na si yule kijana aliyeirusha tu. Somo lipo hapo kwa anayetaka kulisoma. Ukimkamata mzamiaji mmoja na bunduki yake ya mpira na chuma, kesho wapo wawili, kwa sababu jiko linalonunua halijaguswa.

Wapo wanaosema dawa ni kumpiga pono marufuku kabisa, na wana mifano. Karibea, ugonjwa wa mwaka 1983 na 1984 uliwaua karibu nungunungu wote wa baharini, wale weusi wa miiba mirefu, ambao walikuwa wakila ukoga wa mwambani pamoja na pono. Pono akabaki karibu peke yake, naye alikuwa ameshavuliwa sana. Ukoga ukapanda juu ya matumbawe na kuyafunika. Mwaka 2014 ripoti kubwa iliyokusanya takwimu za zaidi ya miaka 40 ilitaja kupotea kwa wala ukoga hao wawili kuwa miongoni mwa sababu kuu za kuporomoka kwa miamba ya Karibea. Belize ilikuwa imeshapiga marufuku kuvua pono tangu 2009, na Bonaire ikafuata 2010.

Naiheshimu hatua hiyo, lakini siitaki hapa. Bahari ya Hindi ina wala ukoga wengi zaidi ya Karibea. Kangaja na tasi wanafanya sehemu ya kazi hiyo kila siku. Na miamba ya Kenya ina hadithi yake tofauti. Pale palipovuliwa kupita kiasi, kilichozidi ni nungunungu wenyewe. Utafiti wa Tim McClanahan, ambaye amekuwa akihesabu samaki na matumbawe ya Kenya tangu miaka ya 1980, umeonyesha kwamba kikande akiisha, nungunungu wanaongezeka kwa kukosa wa kuwala, na nungunungu wakizidi wanautafuna mwamba mpaka unabaki kifusi. Marufuku ya pono pekee isingegusa tatizo hilo. Ingegusa chungu cha mtu wa Msambweni na wa Nungwi, kwa sababu samaki wa kwenye majani ndiye mboga yake, na hotelini wangehamia kwenye samaki mwingine wa rangi kesho yake. Na askari wa doria anayeshindwa kuzuia juya lenye urefu wa uwanja wa mpira hawezi kukagua kila fungu la pono sokoni.

Yapo yanayofanya kazi bila kelele. Kenya walijaribu malema yenye nyufa nyembamba za wima kwenye pembe, ili samaki wadogo na wembamba, vipepeo na vitoto vya pono, watoke wenyewe kabla lema halijainuliwa. Matokeo yalikuwa kwamba samaki waliobaki walikuwa wakubwa zaidi na mvuvi hakupoteza kipato. Ni ufundi wa dakika chache kwa mtu anayejua kusuka. Sijui tunasubiri nini kuufanya uwe kanuni ya kila dema kutoka Kiunga hadi Mtwara.

Kuruwitu, Kilifi, wazee na wavuvi walikubaliana wenyewe, katikati ya miaka ya 2000, kufunga kipande cha bahari chenye ukubwa wa takriban hekta 30 na kukiita tengefu. Samaki wakarudi, wakakua, wakamwagikia nje ya mpaka ambako kuvua kunaruhusiwa, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Chumbe, mwamba uliofungwa tangu 1994 karibu kabisa na mji wa Zanzibar, ni ushahidi wa jinsi samaki wanavyokuwa wakiachwa. Kisiwa Panza huko Pemba wamefunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza anenepe kabla ya kuchokolewa. Watu waliokubali kumsubiri pweza hawawezi kushindwa kumsubiri pono.

Wala wazo la kumsubiri si geni duniani. Warumi walimpenda sana pono wa Mediterania, na mwandishi wao Plinio ameandika kwamba zama za mfalme Claudius, mkuu wa meli za kivita aitwaye Optatus aliwasafirisha wakiwa hai na kuwapanda katika bahari ya Ostia na Campania, ambako hawakuwapo. Kisha kwa muda wa miaka karibu 5 ilisimamiwa kwamba kila atakayenaswa arudishwe majini. Wakazaana. Ni miaka karibu 2,000 iliyopita, na msimamizi hakuwa na boti ya mashine.

Joto la bahari, nalo, halisubiri mtu. Mwaka 1998 El Niño iliunguza sehemu kubwa ya matumbawe kutoka Kenya hadi kusini mwa Tanzania, yakageuka meupe na kufa. Yamepigwa tena 2016 na 2024. Pono hawezi kuipoza bahari. Anachoweza ni kulifuta jiwe lililokufa lisizibwe na ukoga, ili kitumbawe kichanga kipate pa kushika. Hiyo ni kazi ndogo yenye thamani kubwa katika miaka inayokuja, na inafanywa na samaki wakubwa walio hai.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza nauweka kwa wenye hoteli, maana wao ndio wanaofaidi mchanga na ndio wanaolipa bei inayomfanya kijana aingie majini saa 5 usiku. Waondoe pono mzima kwenye orodha zao za chakula. Wageni wapewe jodari, vibua na nguru, samaki wa maji makubwa wasiosaga mwamba wowote, na watakula vizuri zaidi, nimeshasema kwa nini. Chama cha wenye hoteli kikitaka kufanya hivyo hakihitaji kusubiri bunge. Idara za uvuvi, kwa upande wao, zianzie kukagua jikoni kabla ya kukagua mtumbwi, kama ilivyokuwa kwenye baruti.

Na wewe msomaji unayenunua fungu sokoni, mgeuze pono umtazame ubavuni na kichwani. Akiwa na tundu la mkuki, mrudishe kwenye meza na umwambie muuzaji sababu. Wa dema hana tundu. Huyo nunua, na umkaange leo leo.